Mwili wa Mtahiniwa: Msongo wa Mawazo na Chungu cha Nyumbani

Sura hii haina sarufi wala fasihi, na najua wengi mtataka kuiruka ili mwende moja kwa moja kwenye maswali ya miaka iliyopita. Ninakuomba usiiruke. Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, na anayeketi mbele ya karatasi siku hiyo si akili peke yake. Ni mwili mzima: tumbo, damu, usingizi, na moyo unaodunda kwa kasi. Nimefundisha hapa Nzega miaka kadhaa, na nimeona watahiniwa waliolijua somo vizuri wakitoka kwenye chumba cha mtihani wakisema, "Mwalimu, nimesahau kila kitu." Wengi wao hawakuwa wamesahau. Walikuwa na njaa, hawakulala, na hofu ilikuwa imewashika tangu alfajiri.

Msongo wa mawazo ni nini hasa?

Siku hizi watu husema "nina stresi" kwa kila jambo, kuanzia kukosa basi hadi kufiwa. Sisi tuchukue maana moja. Msongo wa mawazo ni namna mwili unavyojibu pale mtu anapokutana na jambo analoliona kuwa kubwa kuliko uwezo wake wa wakati huo. Zingatia neno "analoliona". Karatasi ileile ya Fizikia humtoa jasho mwanafunzi mmoja na kumfurahisha mwenzake wa dawati moja.

Mwanasayansi wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mwaka 1915 jinsi mnyama aliyetishwa anavyojiandaa ama kupigana ama kukimbia. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ubongo unapotambua hatari, tezi hizo humwaga homoni iitwayo adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza mapigo, pumzi huwa fupi, viganja hutoka jasho, na damu hupelekwa zaidi kwenye misuli huku tumbo likipunguziwa. Ndiyo sababu asubuhi ya mtihani chakula hakishuki, na wengine hukimbilia chooni mara tatu. Baada ya dakika chache hufuata homoni ya pili, kortisoli, ambayo hulifanya ini litengeneze sukari zaidi ili mwili upate nishati. Mpango huu ulimfaa sana mtu aliyekutana na simba porini. Tatizo ni kwamba karatasi ya Hisabati haikimbiwi wala haipigwi mkuki. Unakaa nayo saa tatu.

Msongo kidogo si ugonjwa. Robert Yerkes na John Dodson walichapisha mwaka 1908 majaribio waliyofanya kwa panya, na tangu hapo wanasaikolojia wamekuwa wakichora mstari wenye umbo la kilima: msukumo ukiwa mdogo mno mtu hujifunza polepole, ukiongezeka hujifunza vizuri, ukipita kiasi uwezo hushuka tena, hasa kwa kazi ngumu. Kwa hiyo mwalimu anayekwambia "usiogope kabisa" anakutaka jambo lisilowezekana, na pengine lisilofaa. Woga mdogo unakuamsha.

Kinachoharibu ni msongo usioisha. Hans Selye, aliyefanya kazi zake Kanada, alieleza mwaka 1936 hatua tatu ambazo mwili hupitia: mshtuko, kisha ukinzani, na mwisho uchovu. Mwanafunzi wengi humwona akiwa katika hatua ya pili na kumsifu. Anaamka saa 9 usiku, hapumziki Jumapili, anaonekana ana bidii. Hawaoni kwamba kortisoli inayobaki juu wiki baada ya wiki huvuruga usingizi, hudhoofisha kinga ya mwili na kuathiri ile sehemu ya ubongo inayotengeneza kumbukumbu mpya. Anasoma ukurasa mmoja mara nne bila kuushika. Kichwa kinauma jioni. Anakuwa mkali kwa wadogo zake. Wengine hupoteza hamu ya kula, wengine hula vitu vitamu kila dakika. Wasichana wengine huona siku zao zikibadilika. Ukiona hayo kwako, umefika mahali pa kubadili ratiba. Kuongeza saa za kusoma hapo ni kukanyaga mafuta gari likiwa limekwama kwenye tope.

Novemba na ghala la nyumbani

Wanaopanga ratiba ya mitihani hawakupanga kalenda ya shamba, lakini sisi wa Unyamwezi tunajua mambo hayo mawili yanavyogongana. Mahindi, mpunga, karanga na viazi huingia nyumbani kuanzia Aprili hadi Juni au Julai. Kufikia Oktoba maghala mengi yamepungua, bustani zimekauka kwa jua la kiangazi na mboga sokoni imepanda bei. Mvua za kwanza zikidondoka Novemba, familia inaanza kulima na kila mkono unahitajika, wa mtahiniwa ukiwemo. Wakati ambao ubongo wako unatakiwa ufanye kazi kuliko wakati wowote, sufuria ya nyumbani ndiyo iko katika hali yake ya chini kabisa.

Wazee walilijua tatizo hili kabla ya shule kuwapo, na walilijibu kwa jua na kivuli. Viazi vitamu vibichi vilikatwa vipande na kuanikwa, hiyo ndiyo michembe. Vikichemshwa kwanza kisha vikakatwa na kuanikwa, ni matobolwa, ambayo unaweza kutafuna hivyohivyo ukienda shuleni. Majani ya kunde yalikaushwa yakawa nsansa. Mwanafunzi anayeona aibu kufungua matobolwa mbele ya wenzake wanaokula biskuti hajui kwamba yeye ndiye mwenye chakula.

Ukitaka kusaidia nyumbani mwezi wa Mei au Juni, anika nsansa kivulini penye upepo, usiianike juani moja kwa moja. Jua kali huharibu sehemu kubwa ya vitamini A na C. Madini ya chuma hayaharibiwi na jua, hubaki. Kwa hiyo nsansa ya Novemba ikiungwa karanga na kukamuliwa ndimu, au ikiliwa pamoja na juisi ya ubuyu, inarudishiwa ile vitamini C iliyopotea. Na zaidi ya hapo kuna maembe. Miembe ya Tabora ilisambazwa kwa kiasi kikubwa na wafanyabiashara wa njia ya misafara katika karne ya 19, na huanza kuivisha matunda karibu na msimu wa mtihani. Embe bivu moja lina vitamini A na C kwa pamoja. Ni dawa ya mtahiniwa iliyopandwa na watu waliokufa zamani bila kujua habari za Baraza la Mitihani.

Posho ya wapagazi

Kwa kuwa tumeigusa njia ya misafara, tukae hapo kidogo. Kati ya Bagamoyo na Ujiji, kituo kikuu kilikuwa Unyanyembe, jirani na mji wa Tabora wa leo, na matawi ya njia yalielekea kaskazini kwenda Usukuma na Ziwa Viktoria. John Hanning Speke alishika upande huo wa kaskazini Julai 1858 na kulifikia ziwa tarehe 3 Agosti. Mizigo yote hiyo ilibebwa na watu, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32, siku baada ya siku kwa miezi.

Waliendeshwa na nini? Na posho. Posho ilikuwa riziki ya siku, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu, karibu robo tatu ya kilo, au nguo na shanga za kununulia nafaka hiyo njiani. Mkuu wa msafara aliyechelewesha posho alijua kitakachofuata: mizigo ingewekwa chini. (Leo neno hilo limebeba maana ya fedha za kikao, na bado likichelewa watu huweka mizigo chini.) Nafaka ile, mara nyingi mtama, ilitwangwa au kusagwa kwa jiwe, na ugali wake ulikuwa na sehemu kubwa ya punje ndani yake. Mashine ya kukoboa haikuwapo. Sisemi kwamba wapagazi walikula vizuri, maana walikufa kwa njaa na magonjwa mara nyingi. Ninachosema ni kwamba walioongoza misafara walijua jambo ambalo wazazi na hata shule nyingine leo hulisahau: huwezi kumdai mtu kazi ya siku nzima kabla ya kuuliza kibaba chake kiko wapi.

Ubongo unakula nini?

Ubongo wa mtu ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili unapokuwa umetulia. Chakula chake kikuu ni glukosi, sukari inayotokana na wanga. Usiku ukiwa umelala, ini huendelea kuutolea ubongo akiba, na akiba hiyo ni ndogo, kama gramu 100 tu. Ukila saa 1 jioni, ukaamka bila kula, ukatembea kilomita tano hadi shuleni, kisha ukakaa hadi saa 9 alasiri, unaudai ubongo kile ambacho hukuupa. Mwili hautazimika, kwa sababu una njia nyingine za kutengeneza sukari kutoka kwenye misuli na mafuta, lakini utafanya hivyo kwa kutumia zilezile homoni za msongo. Hapo ndipo njaa na hofu huungana. Mwanafunzi anadhani anaogopa Kemia, kumbe nusu ya mtetemeko wa mikono ni tumbo tupu.

Sasa, wanga si wanga wote sawa. Punje ya mahindi ina sehemu tatu: ganda la nje, kiini, na sehemu nyeupe ya katikati. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini, na pamoja navyo huenda sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, mafuta mazuri, madini ya chuma na vitamini za kundi B. Mojawapo ya vitamini hizo ni thiamini, ambayo mwili huihitaji ili kuigeuza glukosi kuwa nishati. Sembe ni nyeupe na laini, nasi tumefundishwa kuiona kuwa chakula cha mgeni. Pumba tunampa ng'ombe, naye ananawiri.

Hata hivyo, wanaotetea sembe wana hoja moja ya kweli, na mwalimu mwenzangu wa Baiolojia hunikumbusha kila mara. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, na sumu hiyo hukaa zaidi katika ganda na kiini. Haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi ukitaka dona, chagua mahindi yenyewe kabla ya kuyapeleka mashineni: toa punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa. Fanya vivyo hivyo kwa karanga, ambazo ni fahari ya mkoa wetu. Karanga iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu mdomoni itupe, usiisage ili kuificha kwenye mboga.

Chungu cha makande

Shule nyingi hupika makande mchana na wanafunzi huyaita kila jina baya. Mimi nayatetea. Protini ya mahindi ina upungufu wa kijenzi kiitwacho laisini, na protini ya maharage ina upungufu wa methionini. Ukivipika pamoja, kila kimoja hufidia mwenzake, na unapata protini inayokaribia ya nyama kwa gharama ndogo. Kosa la makande ya shule ni mapishi. Hayaloweki, hayaungwi, na hulainishwa kwa magadi, ambayo huharibu baadhi ya vitamini.

Kwa watu wawili, chukua kikombe kimoja cha mahindi na kikombe kimoja cha maharage, choroko, kunde au njugu mawe. Chambua, osha, loweka usiku kucha, kisha mwaga maji yale. Kuloweka kunapunguza vitu vinavyozuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki, kunapunguza gesi tumboni, na kunaokoa mkaa. Weka maji mapya, acha yatokote kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi, kwa kuwa maharage yasiyoiva yana sumu inayotapisha. Punguza moto, funika, acha yaive taratibu hadi yalainike. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, mimina, ongeza karanga zilizotwangwa vijiko vitatu vya chakula, koroga zisishike chini. Chumvi yenye madini joto weka mwishoni. Yakibaki, yafunike na kuyaweka mahali pa baridi, na asubuhi yachemshe tena hadi yatokote kabla ya kula. Kwa joto la Nzega, chakula cha maharage kikilala kisha kikala mchana kutwa bila moto kinachacha.

Mboga za majani zinadai kinyume chake: muda mfupi. Osha mchicha, matembele au majani ya maboga yakiwa mazima, ndipo ukate. Ukikata kwanza, vitamini huondoka na maji. Pika dakika tano hadi kumi, ukiweka mafuta kidogo au karanga, kwa sababu vitamini A haifyonzwi vizuri pasipo mafuta. Kisamvu ni tofauti, lazima kitwangwe na kuchemshwa sana kwa kuwa kibichi kina sumu ya sianidi. Dagaa wa Ziwa Viktoria huliwa mzima, mifupa yake ikiwemo, hivyo fungu dogo linakupa protini na kalsiamu pamoja. Uji wa ulezi nao una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine tunazolima.

Kuhusu asali ya misitu yetu ya miombo: ni nzuri, ina ladha, lakini ni sukari pia. Kijiko kimoja kwenye uji kinatosha. Usiambiwe kwamba itakufaulisha.

Suala la damu

Hapa nasema hasa na wasichana, ingawa wavulana nao wasikilize. Utafiti wa Taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 uliwakuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wakiwa na upungufu wa damu. Msichana anayepata hedhi hupoteza madini ya chuma kila mwezi. Bila chuma cha kutosha, damu haibebi oksijeni inavyotakiwa, na dalili zake ni uchovu, kizunguzungu, kushindwa kumakinika na moyo kwenda mbio ukipanda ngazi. Tazama jinsi dalili hizo zinavyofanana na za msongo. Nimesikia wasichana wakiitwa wavivu kwa miezi, na kipimo kimoja cha damu kwenye zahanati kikamaliza ubishi. Malaria, minyoo na kichocho pia hupunguza damu, kwa hiyo pima kabla ya kujihukumu.

Chuma kipo kwenye maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za kijani kibichi iliyoiva. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida, ila vitamini C hukisaidia sana: kipande cha ndimu, nyanya mbichi, embe, pera, ubuyu. Na chai hukizuia. Kikombe cha chai ya rangi mara baada ya kula mboga na maharage kinapunguza faida ya ulichokula. Kunywa chai yako saa moja au mbili baadaye. Hili halikugharimu hata shilingi moja, na ndilo ninalolirudia darasani kuliko yote.

Kwa anayeishi geto

Wengi mmetoka vijiji vya mbali na mmepanga chumba mjini. Geto lina uhuru wake na lina njaa yake. Unga unaletwa kutoka nyumbani, mboga huna. Unapika mara moja usiku, mchana unakula chipsi au unakunywa maji. Fedha ya wiki inaisha Jumatano.

Ushauri wangu ni wa kawaida. Pikeni wawili au watatu pamoja, mkaa mmoja na sufuria moja, kwa zamu. Jumamosi loweka na chemsha maharage ya siku mbili, si zaidi. Ukirudi nyumbani omba michembe, karanga, nsansa na choroko kabla hujaomba fedha, kwa sababu mama ambaye hana shilingi elfu kumi huenda ana debe la michembe. Michembe ikichemshwa na karanga zilizotwangwa ni kifungua kinywa kamili. Mtu anayekula hivyo saa 12 asubuhi hafikirii chakula hadi saa 6. Hakikisha jiko la mkaa liko nje au mlango umefunguliwa. Moshi usioonekana wa mkaa huua watu waliolala.

Na kupika kwenyewe kuna faida nyingine. Dakika 20 za kuchambua maharage, bila simu mkononi, ni mapumziko halisi ya akili. Mikono inafanya kazi, kichwa kinatulia, na mara nyingi ile kanuni iliyokataa mezani hujipanga yenyewe jikoni. Wavulana wanaodhani kazi hiyo ni ya dada zao wanajinyima.

Kukesha na vinywaji vya kuongeza nguvu

Kijana wa umri wako anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Najua hutalala 10. Lakini elewa kinachotokea usingizini: ubongo hupanga na kuimarisha yale uliyosoma mchana. Anayekesha anasoma kisha anakata ile hatua ya kuhifadhi.

Vile vinywaji vya chupa au kopo vinavyouzwa madukani havina nguvu yoyote ya kukuongezea zaidi ya sukari. Kafeini iliyomo huziba mahali ambapo dutu ya uchovu, adenosini, ingejishikiza. Uchovu upo palepale, umefichwa. Kwa watu wengi, nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, hivyo cha saa 2 usiku bado kinakukodolesha macho saa 7. Tena kafeini yenyewe huongeza mapigo ya moyo na mtetemo, yaani inaunda dalili zilezile za hofu unayoikimbia. Soda nayo, chupa ya mililita 350, mara nyingi ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai.

Asubuhi ya mtihani

Karatasi ya asubuhi huanza saa 2:00. Kula saa 12, kitu ulichokizoea. Siku hiyo si ya kujaribu maini au maziwa mgando kwa mara ya kwanza. Kama tumbo limegoma, kunywa uji mwepesi wa ulezi kidogokidogo. Hushuka hata pale ugali unapokataa. Kunywa maji. Ukiwa na karatasi ya saa 8:00 mchana, kula chakula cha kiasi, usishindilie ugali ukasinzie kwenye swali la tatu.

Hofu ikipanda, vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe taratibu kwa hesabu ya sita, mara kumi. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo. Njia nyingine ina ushahidi wa kuvutia: Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha mwaka 2011 katika jarida la Science kwamba wanafunzi wenye hofu walioandika wasiwasi wao kwenye karatasi kwa dakika kumi kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Andika ukiwa nyumbani, ichane, nenda. Usiingie nayo kwenye chumba cha mtihani, msimamizi hatakuelewa.

Pale ambapo chakula hakitoshi

Kuna msongo ambao uji hauugusi. Mzazi mgonjwa, ada, mimba, ndoa inayopangwa bila wewe kuulizwa, mtu mzima anayekutendea vibaya. Kuna huzuni inayokaa zaidi ya wiki mbili ikikuondolea usingizi na hamu ya kila kitu, na kuna mawazo ya kutaka kujidhuru. Hayo si uvivu wala si kukosa imani, na hayatibiwi na mtu mmoja peke yake chumbani. Mwambie mwalimu wa malezi na unasihi, au mtu mzima yeyote unayemwamini. Ukishindwa kumpata, piga simu namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo. Ukimwona mwenzako amenyamaza ghafla na kuanza kugawa vitu vyake, usingoje akuombe msaada.

Maswali ya kujipima

1. Eleza, kwa kutaja homoni mbili, kwa nini mtahiniwa hushindwa kula asubuhi ya mtihani.

2. Asha amekula ugali wa sembe, mchicha uliokatwa kisha ukaoshwa na kupikwa dakika 40, na mara baada ya hapo akanywa chai ya rangi. Taja mambo matatu anayoweza kubadili bila kuongeza gharama, na utoe sababu kwa kila moja.

3. "Dona ni bora kuliko sembe." Jadili kauli hii ukionyesha hali moja ambayo haiko sahihi.

4. Fafanua jinsi maana ya neno "posho" ilivyobadilika tangu wakati wa misafara hadi leo. Taja neno jingine moja la Kiswahili lililopanuka maana kwa namna hiyo.

5. Muulize bibi au mzee wa jirani jinsi anavyokausha nsansa na viazi. Andika hatua zake kwa mfuatano, kisha uweke alama kwenye hatua ambayo, kwa ulichosoma, ungeibadilisha.